Kobe Anafagia Usiku

Kililetwa Limbani ndani ya boksi,
kimeviringwa kanzu mbili kisitikisike,
na kopo la halua, na karatasi ya Faki:
"Mama, migongo yenu ipumzike."
Cheusi, cha duara, mfano wa chano kilichofunikwa.
Watoto wakakipa jina, Kobe.
Mama hakukiita kitu.

Siku ya kwanza Kobe alikula
kifungo cha sare ya skuli, shanga tatu za Ilham,
pindo la kanga yangu niliyoiacha sakafuni,
na jino la Mundhir
lililokuwa lirushwe juu ya bati.
Tukampasua tumbo juu ya mkeka,
watu kumi na mmoja tumeinama kama tunaosha samaki.
Jino tulilipata. Limevaa koti la nywele zetu sote.

Siku ya pili, karafuu.
Mvua ilitukimbiza uani, tukaziingiza majamvi kwa majamvi,
naye akapita pembeni akizifakamia
mpaka mota ikashika moto, anahema,
na nyumba nzima ikanukia
kama kifua cha mtoto aliyesingwa.
Hapo ndipo Mama alipocheka.

Usije ukadhani tumepumzika!
Kabla hajatembea yeye, tutembee sisi:
ndara kumi na nane, chaja, juzuu, vikombe,
paka, mtoto mchanga, mbuzi
(wa kukunia nazi, ingawa hata yule mwengine aliwahi kuingia).
Wifi yangu Bikombo anasema
mgeni siku ya tatu hupewa jembe,
huyu wetu katushikisha jembe sisi.
Deki yake ni ya kulamba tu,
doa la chai na boflo analibusu, analipita.
Akikwama chini ya kabati huomba msaada kwa Kichina.
Raiyan, miaka miwili, amekwisha kuijua ile sentensi,
anatusomea wakati wa kula,
na sisi tunaitikia "Amin", hatujui kaomba nini.

Kisha usiku mmoja, saa tatu imepita,
taa za ukumbini tumezima,
Kobe akaamka peke yake.

"Nani anafagia usiku?" Mama akapaza sauti.
"Riziki mnaitoa nje na mlango mmeufunga!"
Tukatazamana. Hakuna aliyemgusa.
Simu ikalia.
"Ni mimi," Faki alisema, kutoka Ruwi, Maskati,
kitanda cha juu, chumba cha wanaume sita.
"Nimetoka kazini. Nafagia."

Mama alinyamaza kidogo.
"Basi taka usizitoe. Zikusanye pembeni mpaka asubuhi."
"Hazitoki, Mama. Anazo tumboni."
"Hapo sawa."

Tangu hapo ni kila usiku.
Huko kwenye simu yake anaiona nyumba yetu imechorwa,
kuta, milango, chumba chake tulichokijaza magunia,
na vidoti vyeusi pale Kobe asipoweza kupita.
Juzi akaniuliza:
"Zuleha, ukumbini, karibu na dirisha,
kuna vidoti viwili, havihami. Mmeweka nini?"

Nikageuka.
Mama yuko kitini, uradi mkononi,
miguu miwili chini, haiinui,
Kobe anaigonga taratibu, anarudi, anaizunguka,
anaigonga tena.
Akanitikisia kichwa.
"Mwambie ni kiti."
"Ni kiti, Faki."
"Kina miguu miwili?"
Mtandao ukakatika, au alikata yeye.

Asubuhi nachukua ufagio wa chelewa,
uani mchanga haumtaki Kobe.
Nikimaliza namfungua tumbo nyuma ya jiko:
vumbi, nyuzi, ganda la ubani,
karafuu moja iliyong'ang'ania brashini tangu msimu.
Namwaga vyote.
Karafuu naiacha ilipo.