Vitufe Viwili

Fundi Chivatsi ameketi ukingoni mwa beseni,
penseli sikioni, ananisifia choo
kama mtu anayeniposea mwanawe:
"Hiki kina vitufe viwili, Bi Saumu.
Kidogo, lita tatu, kwa haja ndogo.
Kikubwa, lita sita. Hicho chako cha zamani
chameza kumi na tatu kila ukikivuta,
na alhamdulillahi hakisemi."

Nacheka. Lakini kichwani hesabu imeshaanza.
Tu watu sita humu, mmoja ana kisukari.
Dumu la lita ishirini ni hamsini likiwa chini,
thamanini likifika ghorofa ya tatu,
kwa sababu Mwangolo wa mkokoteni ana magoti,
na magoti ya Majengo yana bei yake.
Tukivuta mara tatu, madumu mawili yamekwenda.
Mia na sitini
imeteremka bombani ikiimba.

Haya, choo chenyewe ni elfu ishirini na mbili.
Bila ya saruji. Bila ya mkono wa fundi,
bila ya soda ya fundi na ya mtoto wa fundi.
Ni karo ya Munira ya muhula mzima,
nami nitaikalia.

Mama mkwe amesimama mlangoni, kopo mkononi:
"Lita tatu? Lita tatu mimi nasukutulia kinywa!
Ubahili una mahali pake, chooni si mahali pake.
Uchafu ukibakia, tohara i wapi?"
Siwezi kumbishia. Cha Sharifa wa Kizingo
ni cheupe kama jino la maziwa,
lakini hakivuti mpaka akibonyeze mara mbili,
na siku ya wageni na pilau, mara tatu.
Sita mara tatu ni kumi na nane.
Akiba gani hiyo?

Nauliza habari ya chumvi.
Zile wiki ambazo mfereji hukohoa upepo tu
tunapandisha maji ya kisima cha jumba,
na maji yale yamekula bawaba, yamekula birika,
bilauri zangu zimeota ukungu.
Yatauacha mpira mwembamba kama ule?
Chivatsi anashusha penseli.
"Mwaka. Pengine miezi minane.
Kipuri kipo... cha kuagiza."
Neno hilo nalijua. Lishaota ndevu.

Na mpira ukila chumvi haupigi kelele.
Huvuja uzi mmoja, usiku kucha,
kama msengenyaji aliyepata msikilizaji.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
na haba na haba hukimwaga.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia rudi mwezi ujao,
Munira akapita na vijidumu vyake viwili,
lita tano mkono huu, lita tano huu,
ngazi arobaini na nne, sare ya shule imelowa pajani.
Nikamuuliza kwa mzaha:
"Wewe mwanangu, kwa siku wavuta mara ngapi?"
Akasema, bila ya kusimama:
"Asubuhi sivuti. Huwa najizuia.
Naenda shuleni. Kule maji si yetu."

Miaka kumi na mmoja.
Kila alfajiri ananibania dumu
kwa kibofu chake.

"Andika," nikamwambia Chivatsi.
"Ishirini na mbili?"
"Andika kumi na tisa, na mpira wa akiba juu yake,
na soda mutakunywa kwenu."

Kimewekwa Jumatano. Mama mkwe
bado huingia na kopo lake, hakiamini.
Munira alikuwa wa kwanza. Nilisimama nje ya mlango
nikasikia kitufe kidogo, maji, kimya.
Kisha kitufe kidogo tena.
"Mara ya pili ya nini?"
"Nasikiliza tu, mama."

Tatu na tatu, sita.
Nimehesabu, nimenyamaza.