Nyuzi Thelathini

Picha yenyewe haizidi kadi ya kliniki.
Imekunjwa mara moja, na kunjo limepita katikati ya mlango.
Mwanakombo ameiweka mezani kwangu
baina ya rula na kikombe cha chai,
akasema: "Nitolee nyumba humu."

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Nyumba ilianguka masika ya juzi,
ukuta wa nyuma kwanza, kisha paa likapiga magoti
mbele ya majirani waliotoka na ndoo, wasijue wazijaze nini.
Limebaki baraza, na mbuzi wa watu wanaolala juu yake.

Mpiga picha alisimama njiani, mlango ukiwa wazi.
Naona kizingiti. Naona ukumbi
unaochongoka kama karatasi ya karanga,
na huko nchani, uani, penye mwanga mkali,
mtu mdogo kama punje ya ufuta.
"Mama," anasema. "Nyamvua. Anakuna nazi."
Nashika kioo cha kukuzia. Nazi siioni.
Naona bega moja, na weupe ambao
huenda ni kanga, huenda ni doa la dawa.

Yote bapa. Yamelaliana kama chapati kwenye sahani:
mlango juu ya ukumbi, ukumbi juu ya uani,
na Nyamvua chini kabisa, ile iliyopoa.

Nabandika karatasi pembe nne.
Natoa pembetatu ya plastiki niliyomaliza nayo chuo;
imemeguka ncha, nyuzi zake hazijameguka.
Mstari wa kwanza unapanda kulia, nyuzi thelathini.
Wa pili unapanda kushoto, nyuzi thelathini.
Wa tatu umesimama wima
kama mwanafunzi aliyeitwa jina.
Ni hiyo mitatu tu. Iliyobaki ni subira.

"Ukumbi ulikuwa na urefu gani?"
"Siku ya hitima tulitandika mikeka mitatu na nusu."
Mkeka futi sita. Naandika ishirini na moja.
"Na upana?"
Ananyamaza.
"Jeneza la baba lilipita sawasawa. Wabebaji walikwaruzika viwiko."

Naandika na hilo.

Kuta zinainuka. Paa nalivua,
nalining'iniza hewani juu ya boriti zake,
na vyumba vinafunguka kama sanduku la cherehani:
hapa kitanda cha kamba, hapa mtungi,
hapa chumba cha mpangaji aliyehama bila kulipa.
Mistari inakwenda bega kwa bega hadi uani
na haikutani. Haichongoki.
Mwisho wa ukumbi una upana wa mwanzo wake.

Ndipo namsimamisha Nyamvua,
kwa kipimo kilekile nilichopimia mlango wa mbele.
Mwanakombo anasogeza kiti.
"Mbona mkubwa hivyo? Yuko mbali."
"Mchoro huu haujui mbali," namwambia. "Aliye nyuma hapungui."
Wamezoea kutuambia asiyekuwapo na lake halipo.
Pembetatu yangu haikuisikia methali hiyo.

"Na Kibwana je? Ndiye aliyepiga picha.
Sasa anataka kiwanja kiuzwe."
"Hapa hakuna anayetazama. Hakuna mahali pa jicho."
"Mtie njiani basi. Asimzidi mama."
Namtia njiani. Wanalingana, hata unywele.

Anainama juu ya karatasi muda mrefu.
Chai imefanya utando.
"Umekosea," anasema. "Hakuwa amesimama. Alikaa kwenye mbuzi."

Nafuta. Vumbi la raba nalipuliza.
Mtu aliyekaa ni kazi: paja linakwenda kulia,
mgongo unapanda, goti moja linakataa kufuata mhimili wowote.
"Mbuzi yenyewe ilikuwa na kimo gani?"

Ananyoosha kiganja juu ya meza, kidole gumba huku,
kidole cha mwisho kule, anakitazama kama cha kuazima.
"Shubiri moja."
"Yako?"

"Yake."