Amelala

Swali la saba niliandika mimi,
mezani, ofisini Himbi, feni ikizunguka:
Mnyama yuko katika hali gani?
Nikaacha nafasi ya neno moja.

Tukapita Bulengo, nyumba kwa nyumba,
viatu vikitafunwa na mawe ya volkano,
Mumbere akisukuma chukudu yenye betri na skrini
kama anayepeleka mgonjwa hospitali.
Kwenye shimo la nyuma ya shule wakajibu: amelala.
Mbuzi? Amelala.
Kuku wa Kasoki, wote wanne? Wamelala.
Nikaandika. Mashine ikameza.

Siku ya tatu ikatuchorea ramani,
na shimo lile likang'aa kijani,
kijani cha sombe changa.
Mahali pa amani, ikasema. Wanyama hupumzika hapa.

Mama Kyakimwa hakucheka.
Kwa kidole chenye unga wa muhogo alisogeza picha,
akatafuta mparachichi, akatafuta kona ya ukuta,
akaweka kidole, akakiacha.
"Hapa mutoto yangu alilala.
Miaka sita. Alifuata mupira."

Kidole hakikuondoka.
Skrini, kwa kuguswa muda mrefu,
ikadhani anataka kuona kwa karibu,
ikampanulia shimo.

Mimi ni mzaliwa wa Katindo. Mazuku ninayajua:
pumzi mbaya ya ardhi, haina harufu, hukaa bondeni.
Lakini sikujua kwamba wanaoishi nayo
hawaitaji kwa jina karibu na mlango wake.

Tukafuta. Ramani, na maswali yote ishirini na mawili.
Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa,
wakasema wao, nikafuata kwa kalamu:
mjusi aliyegeuka tumbo juu;
panzi wasioruka;
asubuhi ambayo moshi wa jikoni unasimama wima, haujui uende wapi;
mshumaa uliofungwa kwenye kijiti, ukateremshwa taratibu,
na pale unapozimika, pale ndipo ukingo.
"Andika na urefu," akasema Kasoki,
akanishika mguu.
"Goti lako ni pua ya mutoto."

Nikasema simu italia ikiona hatari.
Wakatazamana.
Simu ya nani? Na moto wa kuichaji utoke wapi,
saa kumi na moja alfajiri?
Wakachagua rimu ya gari, itundikwe kwenye bomba la maji.
Mashine imwambie mlinzi wa bomba,
na mlinzi apige chuma.

Kisha Kyakimwa akauliza lisilokuwa kwenye karatasi zangu:
"Mwenye kiwanja akiona kwetu ni nyekundu,
atatuhamisha, ao atapandisha bei ya kijani?
Funguo ya hii ramani itashikwa na nani?"
Nikataja seva. Nikataja mji wa mbali.
Mumbere akapangusa usukani wa chukudu:
"Hata jiwe la ndani ya simu lilitoka kwetu milimani.
Likaenda kwanza. Kisha tukauziwa."

Sikuwa na jibu. Bado silo lote.
Kwa sasa ramani inakaa ndani ya kisanduku cha bati
kwa Kasoki, chini ya vitenge vya msiba,
kufuli mbili, funguo mbili, wanawake wawili
ambao hawapatani sana, na ndiyo sababu walichaguliwa.

Jana tuliijaribu tena.
Mtu akasema mbuzi amelala.
Mashine ikanyamaza, kiduara kikizunguka,
ikauliza: Amelala usingizi,
au amelala na haamki?

Hakuna aliyepiga makofi.
Kyakimwa akasema "Eee,"
ile eee fupi ya mtu aliyepokewa mzigo
nusu ya njia,
akainuka, akamfungua mbuzi wake,
akaenda kumfunga juu zaidi.