Nia Njema

Karani wa baraza la kodi aliniuliza, kalamu juu ya faili:
"Kuna mtu aliyekushika mkono ukatia sahihi?"
Nikasema hapana.
Akaandika hapana.

Hapakuwa na nafasi, kwenye mstari ule, ya kuandika
kwamba ilikuwa Jumamosi jioni, shule zinafunguliwa Jumatatu,
vifungo vya mashati vimejaa hadi mlangoni,
grosi mia mbili na arobaini, mkopo wa chama,
nawe, Bwana Ambetsa, ukaja na kurasa kumi na moja
na fundi wa kuchomea vyuma.
Alisimama nje na mashine yake
akitafuna muwa. Hakusema neno.

Hukupaza sauti. Hilo nakupa.
Uliniita dada. Uliuliza hali ya goti la mama.
Ukasema kodi itapanda mara mbili tu,
halafu kuna gudwili, laki tatu.

Usiku, kule Amalemba, nikamwuliza binti yangu Khavugwi,
wa kidato cha pili, gudwili ni nini.
"Ni nia njema, Mama."
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Nia njema. Laki tatu. Bila risiti.

Chumba kile nilikikuta na popo.
Sakafuni palikuwa na shimo la kuficha mbuzi.
Saruji niliimwaga mimi, dari niliipiga mimi,
na kwa miaka kumi na mitatu
watu wa Lurambi na Shinyalu wakishuka mjini Kakamega
wameambiana, "Tukutane kwa Mama Vifungo,"
jengo lako likapata jina ambalo hukulilipia.
Hiyo ndiyo gudwili.
Niliishona mimi
ukaniuzia.

Wakili wako alisema mtu mzima alisoma, mtu mzima alikubali.
Kweli nilisoma. Kifungu cha tisa nilikisoma mara tatu.
Kifungo nakijua: kina matundu manne,
uzi huingia, uzi hutoka, mtu akapumua.
Kifungu chako hakikuwa na tundu.

Wiki ya tatu stima ikapotea, kwangu tu.
Mlango wa choo ukaenda kutengenezwa, haukurudi.
Mpwa wako akaja na utepe kupima dirisha langu,
akaniamkia vizuri, akauliza uzi nauagiza wapi.
Nami, mjinga, nikamwambia.

Leo mwenyekiti alivua miwani.
Akasema sheria inalo neno kwa mambo haya,
mwenendo usio na dhamiri,
ila neno hilo ni zito, haliinuliwi kwa machozi.
Leteni ushahidi. Tarehe kumi na tisa.
Nitaleta nini? Ganda la muwa?

Mlangoni kuna makufuli mawili.
La juu ni lako, jeusi, la bei.
La chini ni langu, la shilingi mia mbili,
nililifunga usiku uleule
ili nawe usiingie bila mimi.

Jana nilipita upande wa pili wa barabara.
Mvulana wa shule, shati wazi kifuani,
alikuwa amesimama pale na shilingi kumi kiganjani,
akitikisa kwanza lako,
kisha langu.