Daftari la Kartala

Daftari limefungwa kwa kamba ya kiatu.
Ukurasa wa kwanza, herufi za Kiarabu, wino wa zambarau:
"Tumekutana watu kumi na watatu, chumbani kwa Soilihi,
Mtaa wa Sikukuu. Mpira upo. Pampu hakuna."

Wapishi wa Uzunguni, wengi wao. Makuli wawili wa bandarini.
Ahamada, fundi cherehani. Na Mmadi Msa,
aliyeshuka kutoka Ngazija na sanduku la bati
na kikohozi ambacho hakikumwacha.

Jina walilibishania siku nne.
Huyu alitaka Nyota, yule Mwezi.
Mmadi akasema: Kartala, mlima wa kwetu, unaotema moto.
Hata tukifungwa, wataona bado tunafuka.

Jezi za kwanza Ahamada alizikata kwenye mapazia
yaliyotupwa na memsahibu wake:
mawaridi mgongoni, mawaridi kifuani.
Wapinzani walicheka
mpaka dakika ya ishirini.

Nageuza kurasa. Ada, faini, goti la Bakari.
Halafu hii, bila tarehe:
"Fedha ya nyavu imekwenda kwenye sanda ya Mmadi.
Hakuna aliyepinga."
Msimu ule walicheza na goli tupu,
kila bao likaliwa kiapo.

Baada ya Uhuru mwandiko unabadilika, herufi za Kirumi,
zimelalia upande kama watu kwenye foleni:
"Bwana wa usajili ameuliza sisi watu wa wapi.
Tumejibu, Kariakoo.
Ameuliza tena."
Chini yake mistari saba haina kitu.

Wapo waliorudi visiwani. Wapo waliobaki kimyakimya.
Baba yangu aliingia ofisini Mngazija
akatoka Mzaramo, kwa kalamu ya karani,
na jioni akaenda mazoezini kama kawaida.

Chumba cha Soilihi sasa ni duka la vigae.
Tunachezea Jangwani, matope yakikubali.
Kipa Mpogoro, kocha Muha, mawinga ndugu wawili wa Bariadi;
damu ya Ngazija pale ni mimi peke yangu,
katibu, na mimi sipigi hata danadana.
Lakini kabla ya filimbi wanashikana mabega,
wanaliita jina mara tatu, mishipa imewatoka shingoni.

Jana Masunga, mgeni, kiatu kimoja mkononi:
"Dada katibu, Kartala ni nini?"
Mlima, nikamwambia.
"Uko mkoa gani?"

Nilifungua daftari, nikajifanya natafuta kalamu.
Niliandika: Pampu ipo.
Mpira umepasuka.