Vumbi la Bwana Gherardo

Aliniambia: usiguse.
Futa meza, futa dirisha, futa hata miguu ya Bikira pale ukutani,
lakini udi uache ulivyolala,
kifudifudi, mgongo juu,
kama mtu aliyekataa kuamka.

Mimi Orsola, niliyeajiriwa kwa ajili ya vumbi,
nikalipwa mwezi mzima kulitazama likitua.

Bergamo, Novemba. Ukungu umekaa vidirishani.
Vyombo vyote vya kuazima: fidla ya kanisani,
gita la kinyozi, ubavu wake una ufa ulioungwa kwa gundi,
udi wa Zanino, mpigaji wa harusini,
na pea moja nililolinunua mwenyewe sokoni,
nikakatazwa kulila.

Bwana huchora polepole, kama anayelipa deni.
Hajui kupiga hata kimojawapo.

Usiku wa nne uzi ulikatika.
Tang! Nikaketi kitandani,
nyumba nzima imetega sikio.
Huo ndio muziki wote tuliousikia mwezi ule.
Asubuhi akasema, vizuri,
akauchora ulivyojikunja,
unywele ndani ya mchuzi.

Nyuzi hizi ni utumbo wa kondoo.
Husemwa kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana.
Haya. Lakini yule aliyenyamaza mbele ya kisu
huja kulia baadaye, harusini,
chini ya kucha za Zanino, kwa ujira.

Sijui nini kilinipata.
Nilipitisha vidole vinne mgongoni mwa udi,
mara moja tu,
vumbi likapasuka njia nne.
Nikangoja kufukuzwa.
Bwana alitazama, akatazama,
akachovya brashi.

Ijumaa Zanino alikuja akifoka:
kesho mtu anaoa!
Akaupangusa udi kwa mkono wa koti,
akauweka kwapani, huyoo, ngazi kwa ngazi.

Sasa picha iko kwa muuza hariri.
Wageni wake huinama mbele ya njia zangu nne:
ni mauti hayo, husema, yamepita hapo;
ni dunia, mapambo ya kupita.
Nami niliyeazimwa kwa usiku wa karamu
nawamiminia mvinyo, nimebana midomo.
Nilitaka tu kujua kama mbao ile ina joto.

Na lile pea nililila,
siku ileile udi ulipoondoka.
Lilikuwa limeoza
upande ambao hakuuchora.