Daftari la Stoo

Direkteri amesema nisome majina tu,
nisiongeze neno, wageni wana haraka.
Lakini mimi ni mtunza stoo.
Miezi tisa nimekaa nyuma ya dirisha la wavu,
na vyeti hivi vimeandikwa na watu wasiojua
nani alirudisha bisibisi ikiwa na grisi
na nani aliifuta kwanza kwa shati lake.

Basi nasoma daftari langu.

Tarehe nne mwezi wa kumi: Mwape Chola, koleo moja.
Alilishika kama mtu anayeshika nyoka kwa mkia.
Tarehe ishirini mwezi wa tatu: koleo lile lile,
mota ya kinu cha Mama Kapya wa Katuba,
iliyolala wiki tatu, wadudu wakila mahindi magunini.
Mwape alihesabu mizunguko ya waya kwa sauti ndogo,
akafika mia mbili na kumi na nane,
akagundua kosa, akafungua yote, akaanza moja.
Jioni yake mtaa mzima ulisonga bukari.
Hilo halimo kwenye cheti. Kwenye cheti kuna muhuri.

Kisimba Numbi: tochi, mara kumi na tisa.
Umeme ukikatika wenzake walikwenda kutafuta mkate,
yeye alijilaza chini ya jenereta.
Aliunguza fyuzi sita. Niliziandika zote.
Ya saba haikuungua. Nayo niliiandika,
ingawa daftari halina safu ya vitu vilivyopona.

Mujinga alitoka Ruashi kwa miguu, mtoto mgongoni,
hata baridi ya mwezi wa tano ilipoanza kung'ata masikio.
Mtoto alilala humu, juu ya gunia la matambara.
Neno lake la kwanza, mimi shahidi, lilikuwa "waya".

Shaba yetu huondoka Lubumbashi kwa malori,
usiku na mchana, turubai limefungwa, hatuioni uso.
Hurudi nyembamba kama unywele,
imezungushiwa kibiringo chenye maandishi nisiyoweza kuyasoma,
na bei.
Nyinyi mmeikamata, mkaifanya isage,
ivute maji kisimani, ipulize upepo kwenye moto wa mhunzi.
Nina miaka sitini na mmoja.
Nimeiona shaba ikirudi kazini kwao mara chache sana.

Bado mstari mmoja.
Tarehe kumi na moja mwezi wa pili: Banza Monga, tesita.
Safu ya kurudisha iko wazi.
Ada ilimshinda, akaenda kuchimba.
Kila ukaguzi naambiwa: lipa hiyo tesita, kata jina, yaishe.
Nimelipa. Sijakata.
Jina lake halimo kwenye karatasi mliyonipa,
kwa hiyo Direkteri asinikasirikie, silisomi.
Nimelitaja tu.

Haya, piteni mbele.
Mtapewa mkono, mtapigwa picha,
na yule mgeni mwenye tai atakosea kutamka majina yenu.
Halafu njooni dirishani kwangu
mtie sahihi kwamba mmerudisha vyote.

Mwape, wewe usitie.
Koleo lile limeshazoea kiganja chako.
Nimeandika: limepotea.